Mdoezi Niliyempeleka kwa Shemeji

Naapa kwa meno yangu ya mbele, yote mawili yaliyobaki: humu hamna chumvi yoyote zaidi ya ile iliyomo kwenye maji ya samaki wangu. Anayebisha aje nyumbani aulize. Mke wangu atamjibu, tena kwa furaha.

Nilimpa shemeji yangu zawadi ya muuaji, naye akampokea kwa mikono miwili na kunishukuru.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni mstaafu. Wenzangu wakistaafu hufuga kuku. Mimi nilifuga samaki wa maji chumvi, sebuleni, kwenye tangi la vioo lenye taa, pampu na matumbawe. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuua wengi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akaniiga. Fundi saa yule. Mkono hautetemeki, subira kama ya jiwe. Miaka miwili tu, tangi lake likalifunika langu.

Mke wangu hakuniachia nafasi ya kupumua.

"Umeona la kaka? Maji kama hayapo! La kwako mtu anadhani umeloweka nguo."

Kilichonikera zaidi ni samaki wake mmoja wa njano, mpana kama kiganja, aliyemwita Bibi Harusi. Shemeji anaishi peke yake. Akiingia ndani hakuna wa kumwambia pole na kazi, ila yule samaki, anayepanda juu na kula vidoleni mwake.

Nilijaribu mimi kumlisha. Akanigeuzia mkia.

Nikaliweka moyoni.

Basi nikanunua jiwe. Mawe ya tangi hutoka baharini yakiwa hai, yamejaa vitundu, na humo vitunduni huja wadoezi: kaa, konokono, minyoo, wote wamepanda bila nauli. Ndiyo maana sisi wa maji chumvi tuna sheria moja. Jiwe halihami nyumba bila kuoga.

Unalitia kwenye ndoo yenye chumvi maradufu kwa robo saa. Wadoezi wanawashwa, wanatoka wenyewe mbio.

Ukipewa jiwe unauliza, "Limeoga?" Ukiambiwa limeoga, yamekwisha. Kuuliza mara ya pili ni tusi.

Langu sikuliogesha. Uvivu tu.

Wiki ya kwanza kamba wangu watatu wakatoweka. Nikafunga mapazia mchana, nikazima taa ya tangi, nikakaa na tochi yenye mwanga mwekundu, maana viumbe hawa hawaoni wekundu.

Akatoka mnyoo.

Rangi ya petroli iliyomwagika majini. Miguu pembeni kama meno ya kitana. Taya kama mkasi wa fundi nguo. Akatoka, akatoka, akaendelea kutoka. Mita nzima, na mkia bado umo ndani ya jiwe.

Mwenye akili angemuua. Mimi nilicheka peke yangu.

Wiki hiyohiyo shemeji alifunga kibanda chake cha saa. Macho yalikuwa yamemchoka. Nikamtokea na ndoo, jiwe limo, mdoezi kajikunja ndani.

"Zawadi ya kustaafu, shemeji! Karibu kwenye chama cha wasio na kazi."

Alilibeba kama mtoto mchanga, akalisogeza karibu na miwani.

"Zuri mno hili. Limeoga?"

"Limeoga limetakata."

Akalitumbukiza mwenyewe, polepole, asije akawatisha samaki.

Tangu hapo nikawa namtembelea kama mtu anayetazama mgonjwa. Baada ya siku tatu, samaki mmoja hayupo. Baada ya wiki, watatu.

"Labda wanaruka nje," nikamwambia.

Mzee wa watu akapiga magoti, akapapasa chini ya kochi na macho yake yale mabovu, akitafuta maiti ya samaki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi hilohilo. Nikamwinulia miguu apapase vizuri.

Nikamwambia tatizo ni pampu, akanunua mpya. Nikamwambia ni paka wa jirani. Akagombana na jirani aliyeishi naye vizuri miaka kumi.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Shemeji, Bibi Harusi amebaki kichwa."

"Pole sana," nikasema, huku naongeza sukari kwenye chai.

"Kichwa tu, shemeji. Nimeingia na chakula mkononi, namwita."

Nikakata simu ili nicheke kwa nafasi.

Jumapili akaja kwetu. Amekonda. Mke wangu akamletea chai. Akakoroga muda mrefu, kisha akasema, "Nimemkamata mwizi wangu. Kumbe kaa mdogo tu, kama kifungo cha shati. Nimemtupa chooni."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Naweza kuvumilia njaa, baridi, hata mke wangu. Hadithi ndogo siwezi. Muuaji wangu mimi awe kifungo cha shati?

"Kaa!" Nikacheka mpaka chai ikanipalia. "Kaa gani wa kumkata Bibi Harusi? Huyo ni mnyoo, shemeji! Mita nzima! Anang'aa kama petroli, na taya zake sasa..." Nikamwonyesha kwa vidole. Chap, chap.

Mke wangu akaweka birika mezani kama anayeweka yai.

"Mita nzima," shemeji akasema. "Ulimpima lini?"

"Aah... hawa wanajulikana... nimesoma mahali..."

"Mimi nimemwona juzi, na sijamwambia mtu. Nimetaja kaa makusudi. Nakujua, shemeji. Mtu akileta uongo mdogo, wewe lazima uongeze."

Mke wangu akanigeukia. "Jiwe ulilompelekea kaka. Lilioga?"

Nikatazama chai.

"Si naongea na wewe, baba? Lilioga?"

"Halikuoga."

Hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi.

"Utamlipa kaka. Samaki kwa samaki, tena yule wako wa moyoni. La sivyo hilo tangi kuanzia kesho ni la kufulia."

Wa moyoni alikuwa Karani. Mdogo, milia ya machungwa na nyeupe, miaka sita nami. Kutwa anapita huku na huko kama anayekagua mafaili.

Nikamtia kwenye ndoo nikambeba, mke wangu nyuma kama askari. Njiani nikajifariji: shemeji ni mtu wa huruma, atamtunza kuliko mimi.

Mchana ule sebuleni kwake mapazia yalikuwa yamefungwa. Tangi lina giza. Katikati, jiwe langu palepale.

"Shemeji, mnyoo si umeshamtoa?"

"Nani kasema?" Akawasha taa ndogo nyekundu, akanisogezea kiti. "Bibi Harusi alipokwenda mimi nilikuwa usingizini. Wewe sitaki upitwe."

"Huyu hana kosa, shemeji."

"Na yule alikuwa na lipi?"

Nikamwangalia mke wangu. Akaiangalia ndoo.

Nilimmimina mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Karani akakagua kona zote nne, kisha akaja kwenye kioo cha mbele, nilipokaa mimi. Sura nyingine mle sebuleni alikuwa haijali.

Nikageuza uso.

"Tazama," shemeji akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtu kazi ya saa.

Ilichukua dakika ishirini. Kumi na tisa za kungoja.

Mnataka funzo, chukueni: mtu mpole mwogopeni. Sisi wakorofi hasira zetu tunazitumia kila siku, zinaisha. Yeye zake ameziweka zote, hajagusa hata moja.

Nikataka kuinuka. Mkono wa shemeji ukanibonyeza begani, mzito, hautetemeki hata kidogo.

"Taratibu, shemeji. Hajamaliza kula."