Arlys Anamwaga Oili Juu ya Sakafu ya Merle

Arlys Tollefson ukimwambia jambo haliwezekani, hakubishii. Anakumiminia kahawa, anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anakwenda kulifanya. Tumetazamana na nyumba yake, barabara katikati, tangu watoto wetu wakiwa wadogo, hapa Nordby, Minnesota, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Wa kupandisha sauti ni mimi, Lowell. Na nikifika kwa shemeji yake Gordy mnivumilie, maana mtu yule hunipandisha presha hata akinyamaza, na kunyamaza kwenyewe hajui.

Mji mzima unamjua Arlys kwa jiko la kanisa. Kukiwa na msiba au harusi, yeye ndiye msimamizi wa yale masufuria makubwa ya umeme ya kuokea nyama. Akina mama wapya hulinyanyua sufuria likiwa limejaa mafuta, wakajimwagia mpaka viatuni. Arlys hana haraka hiyo. Anachota kwanza kwa upawa, taratibu, mpaka yabaki ya kulamba, ndipo anaposhika masikio. "Kilichojaa hakibebwi," huwaambia, na kuwapa kitambaa cha kupiga deki.

Mwaka jana mumewe, Merle, alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mtu alikuwa seremala, hakuna nyumba mtaani ambayo hajaigusa, na sasa akakaa dirishani majira yote ya baridi akiangalia theluji. Nilikuwa nikimpungia mkono kutoka kwangu na moyo unaniuma.

Mwezi wa tano, bila kumwambia mtu, Merle akaanza kupaka rangi sakafu ya banda la gari. Rangi ya kijivu, nyepesi kama ganda la yai. Alipaka kwa mkono mmoja, akijiburuta kwa makalio, kipande kwa kipande. Mjukuu wao Kirsa alikuwa anamaliza sekondari, na sherehe kama hiyo kwetu hufanyiwa bandani, milango wazi, meza zimejipanga na watu wanaingia na kutoka. Merle alipomaliza kupaka aliionyesha sakafu kwa kidole, akasema, "Yangu." Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu augue. Baada ya hapo hakuna gurudumu lililoruhusiwa kuikanyaga, na paka wao alifukuzwa kwa fimbo.

Basi wiki ya sherehe yenyewe, pikapu ya Arlys ikaanza kugoma. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma, gari linasita, halafu gia inaingia kwa kishindo. Arlys akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giabokisi, akakinusa. Oili hiyo ikiwa nzima huwa nyekundu na angavu. Yake ilikuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Na Jumamosi alitakiwa avute jiko la magurudumu, lile la kuchomea nguruwe mzima, kutoka shamba la akina Bakke. Kulivuta kwa oili ile ni kuiua giabokisi. Gereji zote mbili za mjini zilikuwa zimejaa. Kigari changu hakivuti hata toroli.

Pikapu ya Gordy je? Gordy, mdogo wake Merle, alilala chini ya gari lake mwezi wa nne ili amwage oili ya injini. Akafungua nati ya giabokisi. Akaimwaga yote sarujini, akaenda kifua mbele kuongeza oili mpya kwenye injini ambayo bado ilikuwa imejaa. Gari liko chini ya turubai mpaka leo, na lile doa jekundu mbele ya nyumba yake tunaliita Bahari ya Shamu.

Mvua ilikuwa hainyamazi. Nje kote changarawe na tope, jeki ingezama. Pakavu na pagumu palikuwa mahali pamoja tu, bandani kwa Merle, na Arlys akaenda kupaomba.

"Baba Dean," akamwambia mumewe, kwa jina la mtoto wao, "nahitaji sakafu yako."

 Mkono mzima wa Merle ulikuwa ukikunja na kukunjua ngumi juu ya goti.

"Tone?" akauliza.

"Hata moja."

Akainamisha kichwa kukubali, kisha akaingia ndani. Alisimama nyuma ya kioo cha mlango wa jikoni unaofungukia bandani, nami nilikuwa nimevuka barabara kuja kutazama, nikamwona ameshika fremu kwa nguvu. Nilimwonea huruma, na nilimwogopea Arlys kuliko alivyojiogopea mwenyewe. Doa moja tu pale, na yule mzee angerudi dirishani kwake asitoke tena.

Gordy alifika na kiti chake cha kukunja. Mtaa wetu mtu akiinua gari kwa jeki, wanaume huja na viti. Akaketi mlangoni, akaona Arlys anasukuma chini ya pikapu lile bwawa la plastiki la kuogeshea watoto.

"Shemeji! Leo tunaogelea?"

"Wewe si una bahari yako, shemeji? Tuachie sisi kibwawa chetu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Gordy akasema mimi na mapafu yangu twende hospitali.

Giabokisi ile haikuwekewa nati ya kumwagia. Chini yake kuna karai la chuma lililoshikwa kwa bolti pande zote, na ukilifungua limejaa, oili inakufuata mpaka kwapani. Gordy alishauri alifungue haraka haraka na kuruka pembeni. Arlys akasema asante. Alikuwa ameshalizungusha gari mtaani ili oili ipate uvuguvugu, na akayafuta magurudumu tope lote kabla ya kuliingiza. Akachukua mpira mwembamba, akaupitisha kwenye bomba la kile kijiti cha kupimia mpaka ukagusa chini, akaufunga kwenye pampu ya mkono, akaanza kunyonya. Oili ikapanda, ikaingia kwenye madumu matupu ya maziwa.

"Sasa unakamua ng'ombe?" Gordy akauliza.

"Ndiyo. Punguza kelele, ataficha maziwa."

Pampu ilipoanza kuvuta hewa, Arlys akalala chali juu ya kadibodi, akalegeza bolti za nyuma, kisha za pembeni, akaziacha mbili za mbele zishikilie. Karai likagoma. Gasketi, ule utepe wa kuziba mwanya, ilikuwa imegandana nalo. Akaingiza kisu cha siagi pembezoni, akagonga kidogo. Likagoma. Akagonga tena, na karai likaachia ghafla na kuning'inia upande mmoja.

"Hilo! Linakuja!" Gordy akapiga ukelele, na uso wa Merle ukatoweka kiooni.

Iliyotoka haikuzidi vikombe viwili vya chai. Ilitiririka ikaingia katikati ya kibwawa, ikatulia. Gordy alinyanyuka kitini kuitafuta nyingine, hakuiona.

"Umemaliza basi, inuka," akasema, kama aliyedhulumiwa.

"Bado filta. Nayo imebeba yake."

Akaivalisha filta mfuko wa mkate kabla ya kuichomoa, ikajimwagia humo humo mfukoni. Halafu tukanywa kahawa tukisubiri matone, maana giabokisi ni kama mgeni wa huku kwetu: keshaaga, ila ataendelea kuaga mlangoni nusu saa nzima. Ilipokauka akafuta karai, akaweka filta na gasketi mpya, akakaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Akapima iliyotoka, akarudisha kiasi kile kile cha oili mpya. Akawasha injini, akapitisha kila gia mguu ukiwa kwenye breki, akapima tena kwa kijiti, akaongeza tone la mwisho. Mimi na yeye tukavuta kibwawa nje. Akashusha jeki, akairudisha pikapu kinyumenyume mpaka mvuani, akapotea nayo barabarani.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Merle akatoka amevaa soksi nyeupe, bila viatu, akipita karibu na ukuta. Alifika palipokuwa na gari. Mguu wa kushoto haunyanyuki vizuri, kwa hiyo anauburuta, na pale aliuburuta kwa makusudi, huku na huku, kama anayepiga deki. Kisha akaegemea ukuta, akamgeuzia mdogo wake unyayo ule.

"Soma," akasema.

Gordy akasoma. Soksi ilikuwa nyeupe tupu.

Tukaisikia pikapu ikirudi, gia zikipanda moja baada ya nyingine bila kishindo, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikapiga makofi. Arlys akaisimamisha nje, mvuani, mbele ya mlango, magurudumu yamejaa tope. Akatoa kichwa dirishani kumwangalia mumewe.

Merle akainua mkono wake mzima, akamwashiria aje.

"Ingiza."

"Na tope lote hili, Baba Dean?"

"Tope... hufutika," Merle akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Ingiza, mama."

Arlys akapiga honi ndefu, mtaa mzima ukasikia, na Gordy akakunja kiti chake akampisha.