Mkwe Alivyochagua Filamu

Kukwepa malipo ya filamu ya kila mwezi kumenigharimu ng'ombe wanne. Niliigeuza kompyuta kuukuu hapa Runazi kuwa ghala la filamu, nikaiunganisha na runinga na simu yangu. Chochote nilichorekodi kwenye simu kiliingia humo chenyewe, nami nikajiona mjanja.

Juzi baba wa mchumba wangu alikuja kupaona kwangu kabla ya kikao cha mahari. Nikamwonyesha zizi. "Baba, ni hawa wawili tu." Akanihurumia. Nikampa rimoti achague filamu, nikaenda kuchukua soda.

Niliporudi, nilijiona kwenye runinga, katika video niliyojirekodi kwa simu nikifanya mazoezi ya sura ya huzuni, kisha nikicheka: "Wanne wako kwa rafiki yangu kule kijiji cha Kaniha, mzee atajulia wapi?"

"Umeigiza vizuri, mwanangu," mzee alisema. "Hao wa Kaniha nao waje."

Wasomaji, nishaurini: baada ya hapo mtu anaanzaje kuomba apunguziwe?