Pumzi ya Bani

Nilikuwa naiogopa filimbi. Cheka tu. Mtu mzima, bibi mwenye wajukuu saba, natetemeka mbele ya filimbi ya plastiki ya watoto wa shule!

Kila Jumanne tulikutana kwenye ukumbi mdogo pale Cheyo, wagonjwa sita wa mapafu, kila mtu na kikohozi chake. Aliyetufundisha alikuwa binti wa mazoezi kutoka kliniki. "Shikamoo mama. Leo tunapuliza sauti moja tu, ndefu." Moja tu! Nikishajaza kifua na kuweka filimbi mdomoni, kifua kinajifunga, macho yananitoka, nami najua kabisa kwamba leo nakufa, tena nakufa kwa upuuzi.

Wiki tatu alinitazama. Ya nne akauliza, "Mama, mbona unabana pumzi kabla hujapuliza? Nani alikufundisha?"

Nani! Bani ndilo lililonifundisha. Miaka ishirini na ushee mimi na mume wangu tulikausha tumbaku Usoke, kwenye bani, kile kibanda cha moto cha kukaushia majani. Mabomba ya moto yalikuwa yametoboka, na moshi ulijaa mle bani. Ukitaka kukagua majani, unavuta hewa ukiwa nje, unaibana, unaingia, unapapasa, unatoka mbio. Ukiiachia mle ndani, umekwisha. Mazoea yana taabu.

"Hapa hakuna moshi, mama," akasema. "Kwa ugonjwa wenu, hewa ya zamani inanasa kifuani, mpya inakosa pa kukaa. Itoe kwanza. Taratibu."

Niitoe! Mwili ukasema ng'o. Mkono mmoja nimeshika filimbi, mwingine nimemng'ang'ania binti wa watu, jasho linanitiririka. Nikaachia. Sauti ikatoka nyembamba, inakwaruza, ikaenda, ikaenda. Ilipokwisha, hewa ikaingia yenyewe.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaketi, na woga niliokuwa nao mwanzo ukawa si kitu mbele ya nilichokikumbuka.

Maana mume wangu aliumwa ugonjwa huu huu. Siku yake ya mwisho, akihangaika kitandani, nilimkumbatia nikamwambia, "Ibane, mzee wangu, ibane, usiiachie." Na yeye, mbishi yule, ambaye miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisikiliza, siku hiyo alinisikiliza.