Nilianika Dramu ya Printa Juani

Mimi ndiye niliyeharibu ile printa. Maneno haya nimeyasema peke yangu jikoni mara nyingi, na leo nayaandika. Nihukumuni mkitaka.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, hapo Tawa. Ofisi ya kanisa letu ilikuwa imepewa na wageni printa ya leza ya rangi, na watu walitoka mbali kuja kutengenezewa kadi za harusi na picha za marehemu. Aliyeijua mashine hiyo ni rafiki yangu Kaluki. Kwenye kwaya tulisimama bega kwa bega. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga taipu tu, na kila aliposifiwa nilicheka na watu huku roho ikiniuma. Wivu, basi. Siwezi kuupa jina lingine.

Mama yake akaugua huko Kiboko, naye akaomba ruhusa ya wiki moja. Kabla aende aliniambia, "Ukiona mistari kwa karatasi, toa hizi chupa za wino wa unga utingise pole pole. Ikikataa, wachana nayo. Usifungue huko ndani, dada. Ngoja nirudi."

Siku ya tatu mstari mweusi ulitokea kwenye kadi za harusi, ukampita bibi harusi katikati ya uso. Nilitingisha wino. Nikabadilisha karatasi. Mstari ukabaki pale pale.

Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nilitaka Kaluki akirudi akute watu wakinisifu mimi. Nikafungua, nikachomoa dramu, lile bomba la kijani linalong'aa ambalo picha hujichora juu yake kabla ya kushuka kwenye karatasi. Niliona unga umeganda. Kwetu kitu kikichafuka huoshwa. Nikaiosha kwa maji na sabuni ya kipande, nikaianika ukutani kwenye jua la saa sita, vile ninavyoanika sufuria zangu.

Kumbe kitu hicho hakitakiwi kuonja mwanga hata kidogo. Nilipoirudisha, kila karatasi ilitoka ya kijivu, na bibi harusi akawa kama mtu aliyepakwa majivu. Nikafunga mashine, nikaifunika na kitambaa chake, nikarudi kwa taipu yangu.

Kaluki aliporudi, mzee wa ofisi alituita sote wawili.

"Nani ameguza hii mashini?"

"Mimi sijui, mzee," nikasema. "Tangu Kaluki aende sijaiguza. Labda aliiacha hivyo."

Kaluki alikuwa ameshaifungua na kuinamia dramu. Aliniangalia, akasema tu, "Mzee, mimi niliiwacha ikiwa sawa." Hakuaminiwa. Alifutwa kazi, na kwenye kwaya akaambiwa akae kando mpaka atubu uongo wake. Akakataa kutubu kosa ambalo hakulifanya. Baada ya wiki mbili alihamia Kiboko kwa mama yake.

Dramu mpya ilipoletwa, mashine nilipewa mimi. Niliifanyia kazi miaka miwili na sikuwahi kuifurahia hata siku moja. Kwaya nayo niliiacha. Kila niliposimama kuimba, nafasi yake ilikuwa wazi kando yangu.

Mwishowe nilipanda gari hadi Kiboko. Nilimkuta akichambua maharagwe mlangoni. Alinipa kiti, akanipa chai, nami nikamwambia yote nikilia.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Dramu ilikuwa inanuka sabuni. Nani mwingine angeiosha?"

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilikungoja wiki mbili."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na naamini ni kweli, kwa sababu aliniongezea chai. Nikamuuliza mama yake yuko wapi, nimsalimu.

"Mwaitu tulimzika mwaka jana," akasema. "Alikufa akijua mimi nilitolewa kwa kwaya juu ya uongo. Nilimwambia si mimi. Akaniambia, wewe tubu tu, mtoto wangu."

Nilirudi Tawa. Kanisani nimesimama nikakiri, ofisini nimekiri, na Kaluki amesafishwa jina mbele ya watu wote. Mama yake hakuwepo.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha watu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utafukuzwa. Mimi nilikuja na ukweli wangu, nikakuta mtu aliyeuhitaji zaidi ameshazikwa.