Mkunga Waliyemlimia

Mama alipoteleza kwenye shamba la tangawizi akavunjika mguu, mimi nilikuwa chuoni nasomea uuguzi na ukunga. Nikataka kuacha masomo nirudi Bombo nikamlimie. Akanikatalia kwenye simu. "Wewe soma. Msaragambo umeshaitishwa." Kwetu Upareni mtu akikwama, kijiji kinamwendea na majembe, na hakuna anayedai ujira. Msimu ule wote wakalima wao, wakapalilia wao. Jirani yetu mmoja alikuja na mimba yake kubwa, wenzake wakamwambia akapumzike, akagoma. "Niacheni," akasema, "namlimia mkunga wangu."

Basi jina likanikaa. Nikirudi likizo, wanawake wananisalimia njiani, "Mkunga wetu, hujambo?" Na mimi, kwa ujinga wangu, naitikia sijambo.

Nilipohitimu nikapata kazi hospitali moja ya huku huku milimani, ile wanayoshukia wanawake wa kwetu wakishikwa na uchungu. Wiki ya kwanza metroni, mkuu wetu wa wauguzi, akaniita. Alikuwa na nafasi mbili, leba na chumba cha upasuaji, na kwa kuwa nilitangulia kuripoti akaniambia nichague. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema upasuaji.

Naipenda kazi hii, nisiseme uongo. Napenda vyombo vikae kwa mpangilio na kila mtu ajue zamu yake. Na leba naiogopa. Nikiwa mwanafunzi nilimshika mkono mama mmoja akipoteza mtoto, tena simjui hata jina, nikalia mpaka macho yakavimba. Je, angekuwa jirani yetu? Kwetu ningerudi na uso gani? Lakini roho inanisuta, maana yule jirani hakuogopa kushika jembe na tumbo lile.

Mama alipopiga simu kuuliza, nikamjibu, "Wamenipangia upasuaji, mama. Kazini mtu hachagui." Nikadhani yameisha. Thubutu.

Siku chache baadaye nikamkuta kwenye korido, kaketi kwenye benchi, mkungu wa ndizi pembeni, mguu ule mbovu kaunyoosha. Kaja kuniombea kwa metroni. Nilitamani ardhi inimeze. Kabla sijamvuta kando, metroni akatoka ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba, huyu binti yangu mhamishie leba. Wanawake wa kijijini wanamngoja."

Metroni akanitazama, kisha akamgeukia yeye. Hakuwa na ubaya wowote. "Mbona alichagua mwenyewe, mama? Leba nimeshampa mwenzake."

Mama akamshukuru, akamwachia ndizi. Nikamsindikiza hadi getini nikingoja anigombeze, na laiti angenigombeza. Huyu ni mzee wa kanisa. Utotoni alinichapa kwa sababu nilisema nimeosha vyombo na sikuosha, na mpaka leo hajui kupamba neno hata kwa wageni. Akapanda pikipiki taratibu, dereva akimshikia mguu, akakunja kitenge chake vizuri.

"Hiyo kazi unaipenda kweli?"

"Naipenda, mama."

"Basi ifanye vizuri," akasema, bila kunitazama. "Huko juu wakiniuliza, nitawaambia umepangiwa."