Kumbukumbu ya Kila Dakika

Mluzi wa fundi kompyuta hausikiki tena kwenye ofisi ya parokia, Temeke, na karani Demetria anaukumbuka kuliko alivyotarajia. Kila alipofika, fundi alipangusa vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi, akapiga mluzi mwembamba mpaka amalize. Siku kalenda ya kompyuta ilipoganda, na tarehe za harusi zote za Desemba zimo humo, alinyamaza katikati ya wimbo.

"Dada, nani kaandika 'Kumwombea Baba' ijirudie kila dakika, bila mwisho?"

"Mie. Wiki tuliyomzika baba yangu. Padri alisema tumwombee bila kukoma."

"Basi mashine imesali mpaka imezimia!"

Demetria akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Usimfute."

Fundi akapangusa vidole upya. "Simfuti. Alikuwaga anakupigia simu saa ngapi?"

"Saa saba. Kuniuliza kama nimekula."

Akaandika: kila siku, saa saba mchana. Kalenda ikafunguka, harusi zote zipo, na mluzi ukaendelea pale ulipokatikia.

Saa saba kompyuta hulia, Demetria huacha kalamu na kwenda kula. Fundi siku hizi yuko Kipawa, ana kibanda chake mwenyewe.