Giga Moja ya Cheptoo

Nakhungu aliinuka kutoka kwenye benchi mara ya nne kabla fundi Kigen hajamaliza kufungua laptopu yake. Alikuwa ametoka Bungoma Alhamisi hiyo asubuhi hadi Tuwan, mjini Kitale, kwa sababu mashine iliganda kila alipofungua picha za marehemu mzee Wabwile wa Chwele. Mzee aliacha wajane wawili na picha arobaini. Angezikwa Jumamosi, na programu ya mazishi, kijitabu cha picha na ratiba alichopewa Nakhungu kukipanga, ilitakiwa kwa mchapishaji Ijumaa saa kumi. Kukosa picha za nyumba moja kungeleta maneno kaburini.

"Madam, kaa basi. Unazunguka kama kuku anatafuta pa kutaga," Kigen alisema. "Chagua memori. Nusu giga mpya iko, lakini kwa picha hizo utahangaika. Giga moja ndiyo dawa."

"Unayo?"

Kigen akaelekeza bisibisi kwenye laptopu nyingine rafuni, iliyobandikwa karatasi yenye jina Cheptoo. "Natoa hapa, namwekea ndogo. Ni mwalimu, anaandika mitihani tu. Akiichukua Jumatatu hata hatajua."

"Na Mungu?"

"Si Mungu hatumii laptopu, bana."

Nakhungu hakucheka. "Niwekee nusu."

Simu yake ikalia. Alikuwa Roselyne, mjane mdogo, akiuliza kwa mara ya tatu kama picha yake ya harusi imeingia. Nakhungu akatoka nje kumtuliza. Aliporudi, Kigen alikuwa akikaza skurubu ya mwisho. Kipande cha zamani cha memori alimrudishia ndani ya bahasha.

Saa tisa, nyumbani Bungoma, picha zilifunguka moja baada ya nyingine bila kusita. Alifurahi kwa muda wa kurasa mbili. Kisha akaikagua mashine. Giga moja.

Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi, akampigia fundi.

"Kigen, umeniwekea mali ya Cheptoo."

"Nimekuonea huruma, mama. Maliza kazi, tutaongea."

Tutaongea. Wizi mwingi wa nchi hii umelelewa na neno hilo. Ni kweli memori haipungui kwa kutumiwa, na siku mbili si nyingi. Lakini anayesema atarudisha akimaliza, huwa hamalizi.

Akaizima laptopu. Akalegeza skurubu kwa ncha ya kisu, akakitoa kipande kile na kurudisha cha zamani. Mashine ikarudia uvivu wake. Basi akaigawa programu, kila ukurasa faili lake, akizipunguza picha moja moja, akiinuka na kukaa, huku simu ya Roselyne ikilia. Ijumaa alifika kwa mchapishaji akihema, zikiwa zimebaki dakika kumi.

Picha zote arobaini ziliingia, ndogo kama stempu. Kule mazishini Roselyne aliiinua nakala yake machoni. "Dada Nakhungu, huyu ni mimi ama ni nzi?" Waliokaa karibu wakacheka. Nakhungu aliinamisha kichwa, asijitetee.

Jumatatu asubuhi alirudi Tuwan, kipande kimefungwa kwenye leso. Kigen akanyoosha mkono.

"Hapana," Nakhungu alisema, akaketi kwenye benchi. "Namngoja mwenyewe."

Cheptoo alikuja saa nane mchana. Nakhungu hakuwa ameinuka hata mara moja.